Mto wa hewa wa kiti mwendo: nimeukalia miaka mitatu sasa

Kabla ya mto huu nililala kifudifudi miezi mitano kwa sababu ya kipande cha godoro. Nilikikata mwenyewe kikatosha kwenye kiti mwendo changu, mke wangu akakishonea foronya ya kitenge. Kikiwa kipya kilikuwa laini kweli. Baada ya miezi michache sponji ilishalala, na mimi sina habari, maana niliumia uti wa mgongo kwenye pingili ya kumi ya kifua nilipodondoka kwenye mgrivea nikikatia ng'ombe majani. Kuanzia kitovuni kwenda chini sihisi kitu. Mke wangu ndiye aliyegundua, siku anafua, akaona unyevu kwenye suruali. Kidonda kilikuwa kimekaribia mfupa.

Mto huu ni wa mpira mweusi, umejaa vidole vilivyosimama wima safu kwa safu, na vyote vinapitishiana hewa kwa chini. Ukikaa, mifupa miwili ya makalio inazama, hewa inahamia pembeni na kukushika mapaja, uzito unagawanyika. Sponji inafanya kinyume: pale inapobonyezwa zaidi ndipo inaposukuma zaidi, na pale ndipo penye mfupa.

Aliniletea binamu yangu kutoka Marekani kwa dola 430, na pampu yake ya mkono. Ni hela nyingi, sifichi. Niliuza ndama, dada yangu akamalizia. Lakini gozi na dawa za ile miezi mitano zilikula zaidi ya hapo, na shamba halikulimwa.

Ujazaji ndio kila kitu. Ukiujaza ndi, unakaa juu juu kama umekalia mpira na faida yote inapotea. Ukiwa na hewa kidogo, mfupa unagonga chini. Kipimo ni mkono: ukishakaa, mtu aingize kiganja kati ya makalio na mto, atafute mfupa ulioshuka zaidi, kisha abonyeze kwa ncha za vidole. Chini ya mfupa pabaki sentimita 1.5 hadi 2.5. Mimi napimwa kila asubuhi kabla ya chai.

Kuna jambo sikuambiwa na mtu: mto unafuata mlima. Naishi Marangu. Safari yangu ya kwanza kwenda Dar niliujaza vizuri nyumbani, nikafunga valvu, nikauweka kwenye siti ya basi na kuukalia. Kadiri unavyoshuka, hewa ya nje inakuwa nzito, ya ndani inajibana, mto unanywea. Tulipofika Korogwe nilitia mkono, nikakuta mfupa umegusa siti. Nilitetemeka, nikakumbuka kile kidonda. Tangu siku hiyo pampu haitoki kwenye mkoba: napima Korogwe, napima tena nikifika. Kurudi, mto unavimba, basi natoa hewa kidogo kidogo.

Ubaya wake ni kwamba unayumba. Wiki za kwanza, kuhama kutoka kitini kwenda kitandani kulikuwa kama kushuka kwenye mtumbwi. Mwenye jeraha la juu zaidi, ambaye kiwiliwili hakijishikilii, aujaribu kwanza akiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Halafu kuna pancha. Mwaka jana msumari wa benchi ulitoboa kidole kimoja. Tuliuzamisha kwenye beseni, mapovu yakaonyesha tundu, fundi baiskeli akapiga msasa, akapaka solusheni na kubandika kiraka. Kimeshika mpaka leo.

Na usidhani mto unakuondolea kazi ya kupumzisha ngozi. Zamani nilikuwa najinyanyua kwa mikono sekunde tano, najua nimemaliza. Aliyenifundisha mazoezi akanieleza kwamba watafiti wa Uingereza walipima oksijeni kwenye ngozi ya watu wenye majeraha kama yetu, wakachapisha mwaka 2003: inachukua karibu dakika 2 bila uzito ndipo oksijeni irudi sawasawa. Hakuna mikono ya kukubeba muda huo, na mabega tunayahitaji maisha yote. Sasa nainama mbele, kifua kwenye mapaja, au naegemea upande mmoja kisha mwingine. Nafanya hivyo hata kanisani, wakati wa mahubiri, na watu wamezoea.

Nyota nne kati ya tano. Ukipata wa mtumba, uzamishe kwenye maji kabla hujatoa hela. Ukiagiza mpya, pima upana wa kiti chako na uulize urefu wa vidole. Wangu ni wa sentimita 10, umeninyanyua kuliko lile godoro, na ilibidi fundi apandishe vikanyagio. Mimi sikulijua hilo mapema, nikakaa wiki nzima miguu inaning'inia na mwili unateleza kwenda mbele.