Uzoefu wangu na Vim: ng'ombe aliyeota mkia wa ziada

Mwaka wa tatu huu natumia Vim, kihariri cha msimbo, kwenye laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 4. Vihariri vingine vya msimbo vinaipandisha homa, hiki hakiisumbui. Kukizoea lakini ni kazi. Siku ya kwanza nilifunga terminali (dirisha la amri) nzima kwa kutojua pa kutokea, kumbe ni `:q!` tu.

Ukikifungua bila faili, utaona ujumbe wa kuwasaidia watoto wa Uganda. Nilidhani ni tangazo. Kumbe Bram Moolenaar, Mholanzi aliyekitoa mwaka 1991 na kukitunza hadi alipofariki Agosti 2023, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na leseni yenyewe inakuhimiza uchangie huko.

Sasa hitilafu. Naandika mfumo wa kumbukumbu za maziwa kwa wafugaji, na maneno yote ni ya Kiswahili. Kila nikiandika ng'ombe, anatoka ng'ombe', na ritifaa ya pili mkiani. Cha ajabu, ng'ang'ania ilitoka safi! Nikailaumu kibodi wiki nzima.

Mwisho nikafungua kwa `vim --clean`, yaani Vim bila mipangilio wala nyongeza zangu. Ng'ombe akatoka mzima. Basi mkosaji hakuwa Vim, bali programu-jalizi ndogo niliyoiweka mwenyewe, ya kufunga mabano na alama za nukuu kabla hujazifunga. Jina nalihifadhi, watu wameitengeneza bure. Iliona ritifaa ikadhani nafungua nukuu, ikaongeza ya kufungia. Kwenye ng'ang'ania, ritifaa yangu ya pili iliikuta ile ya ziada ikairuka tu, ndiyo maana neno likapona.

Msimbo uko wazi, nikauingia. Mistari minne: kama nyuma ya kishale kuna herufi, weka ritifaa moja, basi. Nikawatumia wanaoitunza programu-jalizi hiyo, kwa mbwembwe.

Mkaguzi wao alijibu baada ya siku mbili, kwa swali moja: na f'' ya lugha ya Python je? Pale nukuu inafuata herufi f, na lazima ifungwe. Nilikuwa nimemponya ng'ombe nikamvunja mguu kila anayeandika Python. Nikatenga f, r, b na u zikisimama peke yake. Akarudi: na rf, r na f pamoja? Nilinuna, halafu nikaona ana haki. Safari hii niliandika majaribio kwanza, ng'ombe, ng'ang'ania, f'', rf'', ndipo nikagusa msimbo. Ikapokelewa.

Kwa anayeanza leo na ana haraka, Vim sikushauri. Kwa mwenye mashine dhaifu na subira, ndiyo.

Kero iliyobaki: wafugaji wananitumia majina ya ng'ombe kutoka kwenye simu, na simu zao zinaweka ritifaa iliyopinda, ng’ombe. Nikitafuta kwa ile iliyonyooka, Vim inaniambia hakuna.