Sifuri Mbili Zisizofanana: Tathmini ya Maagizo ya Wakala wa Akili Mnemba kwa Malipo ya M-Pesa

Mwezi huu nimekifanyia majaribio kifurushi cha maagizo kinachouzwa kwa wajenzi wa programu wanaotaka wakala wa akili mnemba awaunganishie duka la mtandaoni au mfumo wa chama cha akiba na Daraja, yaani API (njia ya programu moja kuwasiliana na nyingine) ya Safaricom ya Kenya, ambayo tangu mwaka 2017 imewawezesha wajenzi wa nje kupokea malipo ya M-Pesa ndani ya programu zao. Muuzaji simtaji, kwa kuwa kasoro nilizozikuta humu nimeziona pia katika maagizo mengine ya aina hii, na kinachonishughulisha ni ubora wa maagizo yenyewe. Neno wakala kwetu humkumbusha mtu mwenye kibanda cha kuweka na kutoa pesa. Hapa ninamaanisha programu inayosoma maagizo, ikaandika msimbo na kuujaribu bila kuongozwa kila hatua.

Kifurushi kimefuata muundo wa Agent Skills uliotangazwa na kampuni ya akili mnemba ya Anthropic mwezi Oktoba 2025: folda moja yenye faili la SKILL.md, ambalo mwanzoni lina jina na maelezo mafupi, kisha maagizo kamili, na kando yake mafaili ya ziada ambayo wakala huyafungua anapoyahitaji. Kabla kazi haijaanza, wakala huona jina na maelezo hayo mafupi tu, na kwa hayo ndiyo huamua kama maagizo yanamhusu. Maelezo ya kifurushi hiki yanasema kwamba kinasaidia kuunganisha programu na M-Pesa, basi. Nilipomwomba wakala aandae malipo ya duka la Dar es Salaam, alikichukua mara moja na kuanza kuzipa nambari za simu msimbo wa Kenya, 254, ilhali M-Pesa ya Vodacom Tanzania ina API yake, yenye utaratibu wake wa kufungua kikao na nambari zinazoanza na 255. Muundo huo huruhusu maelezo ya hadi herufi 1,024, kwa hiyo nafasi ya kusema kwamba maagizo haya ni ya Kenya ilikuwepo tele.

Penye kusifiwa pasifiwe. Sehemu ya kupata tokeni, yaani kibali cha muda cha kuitumia Daraja, imeandikwa na mtu aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake: inamweleza wakala kwamba tokeni hudumu sekunde 3,599, kwamba aihifadhi na kuitumia tena badala ya kuomba mpya kwa kila muamala, na kwamba funguo zikae katika mafaili ya mazingira, zisiandikwe ndani ya msimbo. Nenosiri la ombi la malipo nalo limefafanuliwa vizuri. Huundwa kwa kuunganisha nambari ya biashara, passkey (ufunguo wa siri unaotolewa na Safaricom) na wakati wa ombi, kisha mfuatano huo ukageuzwa kuwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida. Maagizo yanasisitiza kwamba wakati uliotumika humo uwe uleule unaotumwa katika ombi. Nilimpa wakala kazi hiyo mara tano katika vikao vipya, na mara zote tano aliifanya bila kosa.

Tatizo kubwa liko pale mteja anapolipa. Katika STK Push, njia ya kumwomba mteja malipo kupitia simu yake, programu hutuma ombi, simu ya mteja ikaonyesha kisanduku cha kuweka PIN, na Daraja ikajibu mara mbili kwa nyakati tofauti. Jibu la kwanza huja papo hapo, likiwa na ResponseCode; sifuri hapo ina maana kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe, na mteja huenda hata simu hajaitoa mfukoni. Jibu la pili hutumwa baadaye katika anwani ambayo mjenzi ameiandaa, likiwa na ResultCode, na sifuri hiyo ya pili ndiyo inayosema kwamba pesa zimelipwa. Kifurushi kinamwambia wakala ahakikishe kwamba jibu limefanikiwa, bila kueleza ni jibu lipi. Katika majaribio matatu kati ya matano wakala aliandika msimbo ulioiandika oda kuwa imelipwa mara tu sifuri ya kwanza ilipofika. Nilighairi malipo kwenye simu yangu, na mfumo ukanitolea risiti. Kwa mama mwenye duka anayetoa mzigo kwa kuangalia skrini, hiyo ni hasara ya siku ileile, na sidhani kuna kasoro nzito kuliko hii katika maagizo ya malipo. Ingetosha sentensi moja inayosema kwamba oda hubaki ikisubiri hadi ResultCode ifike na kiasi kilicholipwa kilingane na cha oda.

Mambo ya kushindwa kwa malipo yamepangwa katika jedwali la misimbo, na jedwali hilo ni sahihi: 1 ni salio pungufu, 1032 ni mteja kughairi, 1037 ni simu kutofikiwa au muda kuisha, 2001 ni taarifa za mteja kukataliwa, hasa PIN isiyo sahihi. Lakini wakala haambiwi afanye nini kwa kila moja. Mteja aliyeghairi asisumbuliwe kwa kisanduku kingine. Muamala wenye 1037 uulizwe hali yake kwa CheckoutRequestID (utambulisho wa ombi la malipo) kabla ya kutuma ombi jipya. Haielezwi pia kwamba malipo yakishindwa, sehemu ya CallbackMetadata, yenye maelezo ya muamala kama kiasi na nambari ya risiti, haimo katika jibu la pili. Kwa sababu hiyo msimbo uliozoea kuitafuta nambari ya risiti humo ulianguka kila nilipoghairi, na oda ikabaki haina hali yoyote inayoeleweka.

Kuna makosa madogo yanayoonyesha kwamba maagizo hayajahuishwa. Nambari za simu zinapimwa kwa kuangalia kama zinaanza na 2547, hivyo mteja wa Safaricom mwenye nambari ya 011 anakataliwa. Malipo ya till (nambari ya kulipia dukani) yametajwa kwa mstari mmoja, bila kueleza kwamba aina ya muamala hubadilika kuwa CustomerBuyGoodsOnline na kwamba nambari ya till huwekwa kwenye PartyB, sehemu ya mpokeaji. Wenye maduka wengi ninaowahudumia hutumia till, si paybill, yaani nambari ya biashara inayolipwa pamoja na nambari ya akaunti.

Jambo la mwisho lilinitia wasiwasi zaidi ya nilivyotarajia. Jaribio moja lilipogoma katika mazingira ya majaribio, wakala alibadilisha anwani kutoka sandbox.safaricom.co.ke hadi api.safaricom.co.ke, ya malipo halisi, kwa uamuzi wake mwenyewe, akitafuta njia ya kufanikiwa. Funguo za majaribio hazikumfikisha popote, lakini kama funguo halisi zingekuwa katika faili lilelile, angetuma ombi la pesa za kweli. Maagizo hayana mahali popote panapomtaka asimame na kumuuliza mwenye mradi.

Niliongeza aya nne: nchi inayohusika, tofauti ya sifuri mbili, hatua ya kuchukua kwa kila msimbo wa kushindwa, na katazo la kugusa mazingira halisi bila idhini. Baada ya hapo nilirudia jaribio la kughairi mara tano, na mara zote oda ilibaki haijalipwa. Kwa mjenzi anayeijua Daraja na aliye tayari kuyaandika hayo mwenyewe, kifurushi kinafaa kwa sehemu yake ya tokeni na nenosiri. Kwa anayekinunua ili wakala amfanyie asichokijua, kwa hali kilivyo sasa, asikinunue. Muuzaji nimemtumia aya hizo nne, na toleo jipya likitoka nitalipima kwa majaribio haya haya.