Safari ya mbugani na watoto: ipi ununue kwanza, ipi isubiri wakue

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia maswali huwa yale yale, tuna watoto watatu, wa miaka 3, wa 8 na wa 14, twende mbuga gani? Na wengi wanajibiwa Serengeti kwa sababu ndo jina kubwa. Mimi nasema hapana, ukiwa na mdogo kwenye gari panga safari kwa uvumilivu wa yule mdogo, umaarufu wa mbuga weka pembeni, maana akianza kulia saa nne asubuhi mmeshachoka wote na hela imeshalipwa. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia masaa ya kukaa garini, choo, na kama kuna kitu cha kufanya zaidi ya kuchungulia dirishani. Naongelea Tanzania, na sisi wenyeji, wageni wa nje bei zao ni nyingine kabisa.

Namba moja MIKUMI, hasa kwa walioko Dar, Morogoro na Dodoma. Toka Dar ni chini kidogo ya kilomita 300, lami mwanzo mwisho, na tangu treni ya SGR ianze 2024 unaweza kuwapandisha watoto mpaka Morogoro halafu mkakodi gari pale, na kwa wale wadogo treni yenyewe tayari ni nusu ya safari. Utamu wake ni kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya mbuga, kwa hiyo hata kabla hamjafika getini watoto wameshaona twiga na pundamilia, na kuna lile bango la faini za wanyama kwa dereva atakayegonga, kila mnyama na bei yake, mtoto anayejua kusoma hapo ana maswali mpaka jioni. Ndani bwawa la viboko haliko mbali na geti, anzeni hapo. Simba anaweza asionekane, waambieni mapema. Gari ndogo ya nyumbani inapita njia kuu wakati wa kiangazi, sawa, ila nyasi zikiwa ndefu mtoto aliyekaa siti ya nyuma anaona nyasi tu, bora mkodi Land Cruiser ya paa la kufunguka hata kwa siku moja mkachangie familia mbili. Kulala kuna mabanda ya TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, ndani na loji za bei tofauti pale mjini Mikumi.

Kama mkubwa wenu ameshaanza zile za "mimi naboreka", ongezeni Udzungwa, iko karibu kilomita 60 tu toka Mikumi mjini, kule hakuna kuzunguka na gari, ni kutembea msituni kwa miguu mpaka maporomoko ya Sanje ambayo yana mita 170 hivi. Mzazi mmoja apande na wakubwa, mwingine abaki na mdogo. Kumbeba mgongoni mpaka juu usijaribu.

Namba mbili TARANGIRE, na kwa wa Arusha na Moshi hii ndo namba moja yenu. Sio mbali na Arusha, lami karibu njia nzima, na kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi tembo wanajaa mtoni kiasi kwamba hata mtoto wa miaka miwili anaelewa kinachoendelea, hahitaji kuelekezwa "angalia kuleee chini ya mti". Sehemu ya pikiniki ina mandhari ya mto na tumbili wezi kweli kweli, sambusa inatoka mkononi mwa mtoto huku ameishika, fungueni chakula mkiwa mmekaa karibu karibu. Kasoro ni mbung'o, wanauma hata juu ya nguo na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, wavalisheni kaki au kijani kilichofifia.

Namba tatu SAADANI. Ukitaka wanyama wengi hapa utalalamika, nakwambia ukweli. Lakini ndo mbuga yetu iliyopakana na bahari ya Hindi, asubuhi mnazunguka mbugani, mchana watoto wanacheza mchangani, na kuna boti mto Wami kuona viboko na mamba. Kwa familia yenye umri mchanganyiko hiyo ni dawa. Msiende masika, barabara inageuka tope.

Nne NYERERE, boti za mto Rufiji ni tamu kuliko kitu chochote humu, ila barabara ya kuanzia Kibiti kwenda Mloka inachosha, na umri wa kuruhusiwa kwenye boti au matembezi unategemea kambi, nyingi matembezi wanataka kuanzia miaka 12. Mimi naona isubiri mdogo afike 7 au 8.

Tano NGORONGORO. Kreta nzuri sana, wanyama karibu, siku moja inatosha. Lakini juu kule ni zaidi ya mita 2,000, asubuhi baridi kali, bebeni makoti na kofia za watoto kweli, na mkiwa Ngoitokitok, sehemu ya pikiniki ndani ya kreta, kuleni ndani ya gari kwa sababu mwewe wanashuka kunyakua chakula. Twiga hawamo kreta, mtoto mwenye hamu ya twiga apelekwe kwingine.

Mwisho SERENGETI. Toka Arusha mpaka Seronera ni kama masaa 7 au 8, kipande kikubwa ni vumbi na mtikisiko, na mkipitia Ngorongoro mnalipia na huko. Watoto wote wakishavuka miaka 8, nendeni, mlale angalau siku tatu.

Kuhusu malipo, chini ya miaka 5 ni bure getini, 5 mpaka 15 ni bei ya mtoto, 16 anahesabiwa mtu mzima, kwa hiyo bebeni vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vyenu. Cash getini hawapokei, ni kadi au kontroo namba. Ulizeni kabla kibali ni cha masaa mangapi, na kama mkitoka kulala nje mtaruhusiwa kurudi nacho. Poti ya mtoto usiisahau, mbugani hamshuki garini popote mnapojisikia. Dawa ya mbu na chandarua ni lazima, na ya malaria muoneni daktari kabla, dozi ya mtoto inaendana na uzito.

Kama mnanunua kwa kampuni, ombeni kuona leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, ya mwaka huu, ulizeni gari ni lenu peke yenu au mnachanganywa na watu wengine, siti ya mtoto ipo au mje nayo, na bei imejumuisha geti au bado. Akikwambia tuma hela yote leo leo kwenye namba yake binafsi ya simu, mwambie asante, tafuta mwingine.