TAHADHARI: Wanauza "GTX 1050 Ti" ambayo ndani ni GTS 450 ya mwaka 2010

Wakuu, nimesubiri siku nne kabla ya kuandika ili hasira ipungue na nisikosee jambo. Kuna mtu, au kikundi, kinachouza kadi za grafiki (zile zinazochora picha za gemu kwenye kompyuta) kwa jina la NVIDIA GTX 1050 Ti ilhali si GTX 1050 Ti. Ni kadi kuukuu za miaka ya 2010 na 2011 zilizobadilishwa BIOS, yaani programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili kompyuta izisome kwa jina hilo. Mimi na mdogo wangu tumepigwa shilingi 230,000. Naandika hasa kwa ajili ya nyie mlioko mikoani, mnaoagiza mzigo Dar na kuupokea stendi bila kuujaribu.

Jina la ukurasa wake sitalitaja, kwa sababu tangu nimlipe umeshabadilishwa jina mara mbili. Nikiwatajia la leo, kesho mtamnunulia kwa jina lingine mkidhani mko salama. Heri muijue kadi yenyewe.

Hela nyingi zilikuwa za mdogo wangu. Amemaliza kidato cha sita, na miezi yote hii alikuwa akifundisha tuisheni watoto wa mtaani kwetu hapa Morogoro. Mimi nilimwongezea kidogo tu. Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 7040, yale makasha ya ofisini yanayoingia nchini kama mtumba, yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha 6. Alichotaka ni kucheza FIFA 23. Mahitaji ya chini ya gemu hiyo upande wa NVIDIA ni GTX 1050 Ti yenye GB 4, kwa hiyo hatukuichagua kwa kubahatisha. Na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo mwenye kasha la ofisini ataielewa haraka: umeme. Pawa saplai yetu ni ya wati 240 na haina waya hata mmoja wa kulisha kadi. GTX 1050 Ti inatumia wati 75, na zote inaweza kuzipata kwenye sloti ya PCI Express yenyewe, pale inapochomekwa kwenye mazabodi, bila waya wa pembeni. Ndiyo maana watu wengi wenye kompyuta kama zetu tunaitafuta, na matapeli wanalijua hilo.

Kuhusu bei, wengi husema kitu kikiuzwa rahisi kupita kiasi ndipo ushtuke. Hii haikuwa rahisi kupita kiasi. Ilikuwa bei ile ile ninayoiona kwa wauzaji wengine wa mtumba, pungufu kidogo tu. Huyu jamaa hakunivuta kwa bei, alinivuta kwa ushahidi. Alinitumia video kadi ikiwa ndani ya kompyuta, akafungua dirisha la vifaa la Windows, jina likasomeka NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti, chini yake memori MB 4096. Akaniambia, "Kaka, mzigo huu hapa unauona mwenyewe, wa mwisho huo." Nikamtumia hela kwa simu. Kesho yake jioni nikapokea boksi stendi ya Msamvu.

Kosa langu ni hapo kwenye video. Niliamini jina lililoandikwa kwenye skrini, nami sikujua kuwa jina hilo kompyuta inaambiwa na kadi yenyewe. Mtu akiifuta BIOS ya kadi na kuiandikia nyingine, Windows itasoma chochote alichokiandika. Anaweza kuandika GTX 1050 Ti, anaweza kuandika GB 4 wakati memori halisi ni GB 1. Video ya aina hiyo haithibitishi kitu.

Nilipofungua boksi niliona mambo mawili yaliyonitia shaka. La kwanza, kadi ilikuwa na tundu la umeme la pini 6. La pili, ilikuwa na poti ya VGA, ile ya zamani ya bluu ya kuunganisha skrini. Nikampigia. Kuhusu umeme akasema zipo GTX 1050 Ti zenye tundu hilo, na hapo hakudanganya, zipo kweli kutoka kwa baadhi ya watengenezaji. Kuhusu VGA akasema ni "toleo la Asia". Hapo ndipo alipodanganya, nami sikujua. NVIDIA iliondoa kabisa mfumo wa VGA kwenye chipu za familia ya GTX 10, ambayo 1050 Ti imo. Hata poti yake ya DVI, aina nyingine ya poti ya skrini, ni ya kidijitali tupu: ukiangalia tundu, huoni vile vitundu vinne vinavyozunguka ule mstari bapa. Hii yangu ilikuwa navyo.

Ndani ya boksi alikuwa ameweka waya wa kugeuza, kutoka kiunganishi cha SATA, kile kinacholisha diski umeme, kwenda pini 6. Wakuu, waya huo naomba nikae juu yake kidogo, maana unaweza kuunguza nyumba. Kiunganishi cha SATA upande wa volti 12 kimewekewa kikomo cha ampea 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Isitoshe, kwenye OptiPlex hizi umeme wa SATA unatokea kwenye mazabodi, hautoki moja kwa moja kwenye pawa saplai. Tuliwasha, tukaweka GTA V, na baada ya dakika kama kumi nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilizima ukutani. Kichwa cha ule waya kilikuwa kimelainika na kubadilika rangi upande mmoja. Nashukuru Mungu nilikuwa nimesimama pale pale. Dogo angeweza kuwa amevaa hedifoni, mlango umefungwa, hana habari.

Tuliipeleka kadi kwa jirani ambaye pawa saplai yake ina waya halali wa pini 6, tukaiunganisha kwenye kompyuta yake, tukajaribu tena. GTA V ilifunguka, lakini kila tulipopandisha ubora wa picha skrini ilijaa mistari ya rangi na gemu ikajifunga. Sasa naelewa sababu: gemu iliambiwa kuna GB 4, ikajaza GB 1 iliyopo, na ilipotaka kuendelea haikukuta kitu. FIFA 23 haikufunguka kabisa. Nikaenda tovuti ya NVIDIA nikapakua draiva mpya (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) ya GTX 1050 Ti, na ilipoingia skrini ikawa nyeusi. Nikakumbuka kwamba jamaa alinitumia draiva yake mwenyewe kwenye flashi, na ujumbe: "Usiruhusu Windows isasishe draiva, itaharibu kadi." Mkiambiwa maneno hayo na muuzaji yeyote, rudisheni mzigo hapo hapo. Kadi halisi inapokea draiva ya NVIDIA bila shida. Hizi za kuchakachua zinaishi kwa draiva ya zamani iliyohaririwa, maana chipu zake NVIDIA ilishaacha kuzitolea draiva mpya tangu 2018.

Jirani ndiye aliyenionyesha GPU-Z. Ni programu ndogo ya bure ya tovuti ya TechPowerUp inayoonyesha chipu na takwimu za kadi, na ni muhimu uipakue kwao wenyewe, usiipokee kwenye flashi ya muuzaji. Tangu toleo 2.12.0 la mwaka 2018 inatambua chipu nyingi za NVIDIA zilizobadilishwa jina. Tulipoifungua, mbele ya jina la kadi liliandikwa neno FAKE kwenye mabano. Chipu ikasomeka GF106. GTX 1050 Ti ina chipu ya GP107. Mahali palipoandikwa Shaders, yaani idadi ya kori za kadi, palikuwa na 192. GTX 1050 Ti ina 768. Teknolojia ya kutengenezea chipu ikasomeka nm (nanomita) 40, wakati ya kweli ni nm 14. Kadi ya aina hiyo ni GTS 450, iliyotoka Septemba 2010, na yenyewe inatumia wati 106. Hapo tundu la pini 6 lilipata maelezo yake, na ule waya ulioungua pia.

Nilimtumia picha ya skrini. Akajibu kwamba GPU-Z "haiko sawa", kisha kwamba nimeiharibu kadi kwa kuweka draiva mpya, kisha akanifungia. Nimefungua RB (taarifa ya kesi) polisi, na namba ya simu aliyotumia nimeiripoti kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Mkipigwa na nyie msione aibu kufanya hivyo, na msifute meseji wala stakabadhi ya basi. Bila hivyo vitu huna cha kumwonyesha askari.

Kwa hiyo kabla hela haijatoka, mtake muuzaji video ya GPU-Z, si ya dirisha la Windows. Iwe video isiyokatwa, inayoanza na kadi ikionekana ndani ya kasha, ikaenda kwenye skrini, na jina lako na tarehe ya siku hiyo vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi pembeni. Soma chipu na idadi ya Shaders, kisha linganisha na takwimu za kadi hiyo. Halafu atumie FurMark, programu ya kuifanyisha kadi kazi nzito, kwa dakika 15 huku unaona, kwa sababu kadi ya kweli nayo inaweza kuwa mbovu, hasa iliyochimba sarafu za kidijitali miaka kadhaa. Uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zilizochoka ziliingia sokoni baada ya hapo. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo lakini atafanya. Akikataa, acha. Na kama una ndugu Dar, mwombe aende na flashi yenye GPU-Z, kadi ijaribiwe dukani ndipo alipe. Nauli ya daladala si kitu mbele ya 230,000.

Nilipozunguka kutafuta nyingine nikakutana na mitego mingine miwili. Mmoja ni RX 580 yenye maandishi madogo 2048SP. Hiyo si bandia, AMD, washindani wa NVIDIA, wenyewe waliitoa kwa soko la China 2018, ila kori zake ni 2048 kama za RX 570, wakati RX 580 ya kawaida ina 2304. Akikuuzia kwa bei ya RX 570 hakuna tatizo, ila wengi wanalificha hilo neno. Na kwa kasha la ofisini haifai hata ikiwa nzuri, umeme wake ni mwingi mno. Mwingine ni GT 1030 ya NVIDIA. Zipo za GDDR5 na za DDR4, jina lile lile, lakini ya DDR4 memori yake inapitisha GB 16.8 kwa sekunde na ya GDDR5 inapitisha GB 48. Ni tofauti ya karibu mara tatu ambayo haionekani kwenye jina. Uliza aina ya memori kabla ya bei.

Kwa wenye makasha kama letu, mimi sasa natafuta GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Nayo ni wati 75, ina kori 896 na imetoka 2019, kwa hiyo ni changa kuliko 1050 Ti. Zipo zenye tundu la pini 6 pia, angalieni ukingo wa juu wa kadi kwenye picha. Kama kasha lako ni lile jembamba, pima kwanza. Utahitaji kadi fupi yenye bati fupi la nyuma (lile linaloishikiza kwenye kasha), ile ndefu haitaingia.

Kuna rafiki amenishauri niitangaze hii kadi kama ilivyo nirudishe hela, kwamba anayeinunua naye atajijua. Nimekataa. Nimefungua feni, nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya bodi "GTS 450, imebadilishwa BIOS", na iko kabatini. Mdogo wangu ameanza tena tuisheni wiki hii. Kama una kadi una shaka nayo, au kuna muuzaji amekutumia video, weka hapa chini picha ya ukurasa wa kwanza wa GPU-Z. Nitaiangalia kabla hujatuma hela, hata ikiwa usiku.