Nimeandikia laptopu ya mtumba, ThinkPad T480 ya Lenovo, miezi mitano, kati ya Sakina na Kiboriloni

Naandika simulizi, zile za kipande kila jioni kwenye magrupu ya WhatsApp, na miaka mitatu karibu yote nilikuwa naandikia simu. Kipande kimoja maneno 1,200 hivi kwa vidole gumba viwili, mpaka ikafika mahali kidole cha kulia kinauma asubuhi hata simu sijaishika. Kwaiyo nayaandika haya kama mtu anayetaka kuandika tu, nyumbani Sakina, Arusha, usiku watoto wakishalala, na Ijumaa kwenye Coaster nikienda kwa mama Kiboriloni, Moshi, na nadhani yatamfaa mtu aliyeshika laki saba au nane na hataki ziende bure.

Mimi za kwanza zilienda bure. Mwaka juzi nilinunua laptopu ndogo mpya kabisa, iko kwenye boksi, inang'aa, jina sitalitaja. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, 4GB na hifadhi 64GB zile za eMMC, yani imechomelewa kwenye ubao, huwezi kutoa ukaweka kubwa. Windows yenyewe ikajaa humo humo, ikija apdeti haina pa kukaa, unafungua Word unaenda kuinjika chai unarudi bado inazunguka. Na kibodi ndo ilinivunja moyo zaidi, vitufe laini vinabonyea katikati kama unaandikia kwenye godoro, kila neno la tatu herufi imeruka. Niliandika nayo miezi minne nikarudi kwenye simu. Mpya ya bei rahisi kwa mtu anayeandika kila siku mimi siishauri tena, bora mtumba uliotoka ofisini kwa watu, ulitengenezwa kwa kazi.

Safari hii nikajipanga. Nikazunguka Jumamosi mbili, maduka ya kuanzia karibu na Mnara wa Saa nikashuka na Sokoine mpaka huku upande wa stendi, na Moshi nikapita mawili matatu pale Double Road. Nikaingia kila duka na sentensi moja kichwani ya kuchapa, nitawaeleza kwanini.

Wauzaji wengi wanaanza na "dada hii ni Core i7". Sawa, lakini i7 ya mwaka gani? Hapa ndo watu wanapigwa. Namba ya prosesa, yani ubongo wa mashine, inayofuata baada ya hiyo i5 au i7 ndo ya kuangalia, i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7200U cha saba, i5-8250U cha nane. Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane kwenda mbele, vya nyuma yake karibu vyote vimeachwa. Sasa ThinkPad T470 na T480 ukiziweka mezani zinafanana kama mapacha, umbo lile lile, rangi ile ile nyeusi, ila T470 ni kizazi cha sita au cha saba na T480 ni ya 2018, nyingi zinakuja na cha nane. Duka moja niliambiwa "hizi zote ni zile zile tu mama, tofauti ni jina", kwa tofauti ya elfu hamsini. Si zile zile. i5 yake ya kizazi cha nane ina core nne, yani vichwa vinne vya kufanya kazi, hiyo ya saba ina mbili.

Nilifikiria na MacBook maana zinavutia na ni nyepesi. Tatizo ni bajeti, Air ya M1 ya mwaka 2020 ndo ningeitaka, haina feni kabisa, imetulia, ila kwa hela yangu haikufika. Zilizofika kwenye hela yangu nyingi ni zile za kati ya 2015 na 2019 zenye kibodi wanayoiita batafulai, vitufe vifupi mno, chembe ya vumbi ikiingia chini kitufe kinagoma au kinarudia herufi mara mbili. Apple wenyewe 2018 walifungua mpango wa kuzitengeneza bure, ila ulikuwa miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, umeshapita. Na mimi naishi sehemu ambayo mwezi wa tisa ukipangusa meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Nikaachana nayo.

Sasa hiyo sentensi. Ni hii: mama alikaa akatazama. Ihesabu, ina herufi 19, na A peke yake ni 10. Kiswahili kinaila herufi A kuliko kitu chochote, kwaiyo kwenye laptopu ya mtumba wewe mwandishi wa Kiswahili kitufe cha A ndo roho yako, na hakuna muuzaji atakayekuambia hilo. Nilikuwa nafungua Notepad naiandika hiyo sentensi mara kumi, kumi na tano, haraka haraka. A ikiruka hata mara moja naiacha mashine. Mbili niliziacha hivo hivo na kioo chao kilikuwa kizuri tu.

Kingine ni kwamba hizi mashine zinatoka nchi mbalimbali na kibodi zake hazifanani. Zilizotoka Ujerumani Y na Z zimebadilishana, unaandika "kazi yangu" inatokea "kayi zangu". Za Ufaransa ndo balaa zaidi, A iko kwenye Q na M imehamia pembeni ya L, ukiandika "mama" kwa mazoea inatokea ",q,q". Wanabandika stika juu ya vitufe ili usione, pitisha ukucha utaisikia. Ukiwa unaandika bila kuangalia unaweza kubadilisha mpangilio kwenye setingi na ukaishi nayo, ila kama unaangalia vitufe usijitese. Za Uingereza hazina shida kubwa, Enter yake imesimama badala ya kulala, na alama ya kufungua maneno ya mtu iko juu ya namba 2. Kwa simulizi hiyo alama naitumia kila mstari, wahusika wangu wanaongea sana, kwaiyo nilitaka ya Marekani na nikaipata.

Nilikoipata ni kaduka kadogo tu ghorofani, chalii aliyekuwepo ni mpole. Nikamwambia mdogo wangu naomba kiti, nitakaa kama dakika ishirini. Akacheka akasema "kaa dada, hata saa nzima, chai ipo". Nikaandika ukurasa mzima pale. Aisee. Vitufe vinashuka karibu milimita mbili, kwenye karatasi ni kitu kidogo lakini mkononi unasikia kila herufi imeingia, vina kabonde kadogo kama sahani vidole vinakaa vyenyewe, na kibodi haitikisiki. Nilisahau kama niko dukani. Ukurasa ule haukuwa wa majaribio tena, nilikuja kuutumia kwenye kipande cha jioni ile.

Kabla ya kulipa nikafanya mambo mawili ambayo nawaomba sana myafanye. La kwanza, izime, iwashe, bonyeza F1 iingie kwenye BIOS, zile setingi za ndani kabla Windows haijawaka. Ikidai paswedi, shukuru uondoke. Nyingi zilikuwa mali ya makampuni huko ulaya na nyingine zimekuja zimefungwa, na kwa ThinkPad ile paswedi kuu ikiwa haijulikani, Lenovo wenyewe wanasema dawa ni kubadilisha ubao mzima. Ukiwa humo humo angalia sehemu ya kibodi, kuna pa kubadilishanisha Fn na Ctrl, maana ThinkPad pembeni kabisa kushoto wanaweka Fn na mwanzoni ukitaka kunakili maneno utakuwa unakosea kila mara.

La pili betri. T480 ina betri mbili, ndogo ya ndani ya 24Wh (Wh ni kipimo cha umeme betri inaoshika) na ya nje unayoichomoa kwa mkono, ambayo inakuja ya 24Wh, au kubwa za 48Wh na 72Wh zenye kinundu kinachoinyanyua laptopu kwa nyuma. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuchomoa ya nje ukaweka nyingine bila kuzima, ile ya ndani inashikilia. Lakini asilimia 100 inayoonyesha pale kwenye kona haikuambii betri imezeeka kiasi gani. Tafuta cmd, kale kadirisha ka Windows ka kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea faili, humo kuna namba ya uwezo iliotoka nao kiwandani na namba ya uwezo uliobaki. Yangu ya ndani ilibaki kama 19 kati ya 24, nzuri kwa umri wake, ya nje ilikuwa 9. Nikamwonyesha chalii, akaangalia, akasema "hii dada hata mimi nisingeichukua", akaingia nyuma akatoa nyingine tatu tukazipima moja moja tukachagua yenye 20. Nililipa laki saba na ishirini, RAM 8GB, SSD 256GB, chaja, na waranti ya miezi mitatu kaandika kwenye risiti kwa mkono wake.

Kwa betri hizo mbili nikiandika tu, mwanga nimeushusha, intaneti imezimwa, nakaa saa nne na nusu hadi tano. Umeme ukikatika saa mbili usiku namaliza kipande bila presha, na yangu kibodi inawaka taa, unabonyeza Fn na kitufe cha nafasi, watoto wamelala chumba hicho hicho siwashi hata tochi. Sio zote zina hiyo taa, angalia kama kwenye kitufe cha nafasi kuna kialama chake. Inachaji kwa USB-C, kwaiyo chaja moja nimeiacha kwa mama na sibebi tena.

Uzito ni kilo moja na nusu na ushee. Kwenye mkoba begani kutoka stendi unausikia, siwezi kusema hausikii, anayetembea sana kwa miguu aangalie X280 ni ndogo na nyepesi zaidi ila RAM yake imechomelewa, uliyonunua nayo ndo utakayokufa nayo. T480 ina nafasi mbili za RAM, fundi anafungua kwa bisibisi anaongeza, kwangu hilo lilikuwa na maana kuliko uzito.

Kioo kuna vya aina tofauti kabisa na jina la laptopu ni moja. Kuna cha nukta 1366 kwa 768, rangi zimepauka, ukikaa pembeni kidogo huoni kitu, hicho kikatae. Chukua cha 1920 kwa 1080. Hata hicho mwanga wake unaishia niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), ndani ya nyumba safi kabisa, barazani saa saba mchana jua likiwaka hutaona mstari uliouandika. Mtu wa kuandikia nje chini ya mwembe asinunue hii akitegemea hivo.

Kuhusu programu sina maneno mengi. LibreOffice ni ya bure na ina kamusi ya Kiswahili, ukiiweka ile mistari myekundu chini ya kila neno inapungua, na Word nayo ina Kiswahili kwenye lugha zake za kusahihisha, inabidi uichague. Mimi nilihangaika na ile mistari miezi minne yote kwenye laptopu ya kwanza nikidhani ndo ilivyo. Ukiwa unaandika "akamtazama" halafu mashine inakuambia umekosea, kila neno, ukurasa mzima, inakuchosha hata kama unajua uko sahihi.

Nikichapia kwenye Coaster magoti yanatosha, inchi 14 inakaa, na kale kadude kekundu katikati ya kibodi ambako watu wanakaona kama pambo kananisaidia sana barabarani, nasogeza mshale bila kuhamisha mkono, gari likiruka tuta mkono hautelezi. Ila nimejifunza Ijumaa jioni nisiifungue mapema. Kwenda Moshi tunaelekea mashariki, jua la saa kumi na moja liko mgongoni linapiga moja kwa moja kwenye kioo, naona uso wangu tu, nasubiri lizame, na hapo mara nyingi tumeshapita Kikatiti. Kurudi Jumapili jioni ni tofauti, jua liko mbele, mfuniko wa laptopu wenyewe unalikinga. Jumapili iliyopita niliifungua tulipotoka Boma Ng'ombe, dada aliyekaa pembeni yangu akawa anasoma kimya kimya bila kusema kitu, tulipofika Usa River akauliza "kwahiyo huyo mume anarudi au harudi?" Nikamwambia subiri. Tengeru kipande kilikuwa kimekwisha, nikawasha hotspoti ya simu nikakituma kwenye grupu, na yeye akaniomba nimuunge.