Uzoefu wangu na mtetezi wa wagonjwa wa akili Malindi: karatasi iliyobaki ndani ya faili

Nimetibiwa ugonjwa wa akili kwa miaka mingi, na sioni haya kuutaja, kwa sababu hapa mtaani kwetu Shela hakuna asiyejua kwamba niliwahi kutoka peku usiku wa manane nikaenda ufukweni kuzungumza na watu ambao hawakuwapo. Leo ninaandika kuhusu huduma ya utetezi huru ambayo kikundi kimoja cha hapa mjini kinawapa wagonjwa kama mimi bila malipo, na ninasema mapema kwamba kwa sasa siwezi kumshauri mtu yeyote aitumie.

Kwa asiyeijua, mtetezi wa namna hii hakuchagulii dawa wala hakuamulii jambo. Anakusikiliza, anakusaidia kupanga unalotaka kusema, kisha anakaa nawe mbele ya wanaokutibu ili neno lako lisipotee. Ni kazi nzuri ikifanywa. Kijana aliyepangiwa kunihudumia alinieleza mwenyewe kwamba huko England, tangu mwaka 2009, mtu aliyezuiliwa hospitalini kwa ajili ya ugonjwa wa akili ana haki kisheria ya kupata mtetezi, na kwamba mtetezi huyo hatakiwi kuwa miongoni mwa wanaomtibu. Akaniambia kwamba hata kwetu, Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Nilimwamini, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Mimi ninashona kofia za vito. Anayeijua kazi hii anajua kwamba kila tundu, hata liwe dogo kama punje ya mtama, linazungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja inaweza kukukalisha miezi. Tangu nianze kuchomwa sindano ya kila mwezi mikono yangu inatetemeka. Jioni moja, siku chache baada ya Idi, kijana alikuja nyumbani akaketi barazani, nikamwonyesha kofia niliyokuwa nayo: mstari wa matundu umepinda, na pembeni pana tone la damu mahali nilipojidunga. Sikumwambia kwamba nataka kuacha dawa, kwa maana najua dawa ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Nilitaka daktari aulizwe kama kipimo kinaweza kupunguzwa, au kama naweza kupewa dawa nyingine, au angalau vidonge vya kutuliza mtetemeko, kama vile Artane ambayo jirani yangu huitumia. Aliyaandika yote kwenye karatasi ya daftari, akanisomea, nikasema naam, ndivyo hasa. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa muda mrefu.

Kesho yake tuliingia chumba cha daktari tukiwa watatu, mimi, kaka yangu mkubwa na mtetezi. Daktari hakuniangalia. Alimuuliza kaka, "Huyu analala?" Kisha, "Anakula?" Kisha, "Hajatoroka tena?" Kaka akawa anajibu, nami nimeketi katikati yao kama mtungi. Nilimtazama kijana. Faili lilikuwa mapajani pake, na ncha ya karatasi yangu ilikuwa imechomoza. Nilikuwa naiona kwa macho yangu. Nilingoja aitoe. Alipofungua kinywa alisema, "Familia inashirikiana vizuri, daktari. Tutahakikisha hakosi sindano." Nikapelekwa chumba cha pili, nikachomwa ileile, kipimo kilekile.

Nje, chini ya mwarobaini, nilimuuliza kwa nini. Alijibu kwa sauti ya chini, "Mama, angeudhika. Chumba tunachokutania na wagonjwa hapa ni wao waliotupa."

Basi huo uhuru uko wapi? Kama kauli yangu ina bei ya chumba, na chumba ni cha yule ninayetaka kumuuliza swali, afadhali wangeniambia tangu mwanzo niende peke yangu. Kunyamazishwa na daktari nimekuzoea, maana anayesemwa kuwa na wazimu husemewa na kila mtu. Lakini huyu alikuja mpaka barazani kwangu, akanitoa maneno ambayo sikuwahi kumwambia hata kaka, akayatia mfukoni.

Lazima niseme haki, ingawa inaniuma kuisema. Kijana huyuhuyu ndiye aliyezungumza na kaka hadi nikarudishiwa kitambulisho changu, ambacho kilikuwa kimefungiwa kabatini kwa kisingizio kwamba nitakipoteza. Alikuja mara tatu, hakumvunjia kaka heshima wala hakuchoka. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, "Wewe unataka nini?" akangoja jibu. Kwa hiyo ninaposema huduma hii haifai, najua kwamba ninamsema pia mtu pekee aliyenipa nafasi hiyo, na hukumu yangu inayumba. Huenda kosa ni la kikundi kilichokubali kupewa chumba na wale ambao kinapaswa kuwauliza. Wangeweza kukutana nasi msikitini, shuleni, au hata chini ya mwembe, wakabaki huru. Lakini si chumba kilichomfunga ulimi. Faili alikuwa nalo yeye, na mkono wa kulifungua ulikuwa wake.

Majuma mawili baadaye alikuja kuniomba radhi. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi, akanirudishia karatasi ikiwa imekunjwa mara nne. Alisema amewaambia wakubwa wake kwamba chumba kile warudishe. Kama wamekirudisha au la, sijaona. Akauliza kama namruhusu aje nami kliniki ijayo. Nilikaa kimya muda mrefu. Nilimjibu kwamba aje, lakini aketi upande wangu na siyo upande wa kaka, na daktari akianza kumuuliza kaka habari zangu aseme, "Muulize mwenyewe," maneno hayo mawili tu, mengine nitayasema mimi. Karatasi nimeifunga kwenye pindo la leso, na kofia nitaibeba vilevile, na lile tone la damu sitalifua.