Matema, Ziwa Nyasa: uzoefu wangu, na kwa nini siku moja haitoshi

Watu wengi wa Mbeya huteremka Matema Jumapili asubuhi, wakarudi jioni, kisha wakasema hakuna kitu kule zaidi ya mchanga na maji. Kwa saa walizofika, wanasema kweli. Uhai wa kijiji hiki cha wavuvi, kilichopo pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, uko alfajiri mitumbwi inaporudi, na Jumamosi asubuhi kwenye soko la vyungu la Lyulilo. Kwa hiyo nashauri ufike Ijumaa, ulale siku mbili.

Njia ni Uyole, Isongole, Tukuyu, halafu unachepuka Kikusya kupitia Ipinda. Kwa gari binafsi weka saa tatu. Unatoka Mbeya, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unapanda Milima ya Uporoto kwenye ukungu, kisha unateremka hadi chini ya mita 500. Kwenye mteremko tumia gia ndogo. Anayekanyaga breki muda wote hufika chini zinanuka na hazishiki. Kwa Costa, panda stendi ya Nane Nane, shuka Kikusya, utafute gari la Ipinda na Matema. Fedha taslimu chukua Tukuyu. Sweta la Mbeya halina kazi huku, ila chandarua kina kazi kubwa: Kyela ni joto na malaria ipo, basi kikague kabla hujalipia chumba, maana nimekuta vyenye matundu ya kupitisha ngumi.

Usipa, dagaa wa ziwa hili, ndiye samaki wa kuamkia. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri mwezi usipokuwepo, kwa hiyo angalia kalenda: siku za mbalamwezi pevu utakuta nyavu nyingi zimeanikwa na samaki wachache. Ukinunua wakavu wa kupeleka nyumbani, chukua mmoja umkunje. Aliyekauka sawasawa hukatika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji, na ataota ukungu mfukoni. Tumbo lililopasuka maana yake alichelewa kuanikwa. Kisha tumbukiza wachache kwenye bakuli la maji uwachezeshe: mchanga ukituama chini, walianikwa ardhini, si kwenye chanja, na hakuna kuosha kutakakoumaliza. Fanya hivyo kabla ya kuulizia bei ya sado, yaani kopo la kupimia.

Mbasa ni mtamu kuliko wote, hasa wa kuchoma kwa wali wa Kyela. Lakini hupanda mitoni kutaga wakati wa mvua, na huko ndiko hutegwa kabla hajaacha mayai. Mimi jike lenye mayai silinunui, na ningependa wengine wafanye hivyo.

Lyulilo ni mwendo mfupi kwa miguu, ukifuata ufuo kuelekea Milima ya Livingstone. Akina mama wa Kikisi hufika kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya jirani, vyungu vimepangwa hadi ukingoni. Salimia kwanza: "Shikamoo mama, naomba nikigonge." Hakuna anayekasirika. Kishike kwa kiganja, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia wazi na mlio ukaendelea kidogo. Chenye ufa hutoa sauti bubu, hata kama jicho halioni kitu. Kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo usivibebanishe garini: mdomo chini, majani makavu ya mgomba katikati. Nyumbani kiloweke usiku kucha, kisha upike uji mwepesi kwa moto mdogo ili wanga uzibe vitundu. Anayekibandika kikiwa kipya kwenye moto mkali hukipasua siku hiyohiyo.

Kuogelea, chagua ufuo wazi wenye mawimbi. Kaa mbali na matete na maji yaliyotulia, ambako konokono wa kichocho hupenda kukaa, na usikaribie mdomo wa mto Lufilyo kwa sababu ya mamba. Dawa ya kichocho huua minyoo iliyokomaa, si michanga, hivyo ukiinywa wiki unayorudi umeipoteza. Subiri angalau wiki 6 hadi 8, upime.

Naipa Matema nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwa boti. Nililetewa moja ya kwenda Ikombe, watu tisa na maboya mawili, nikakataa kupanda. Safari yenyewe ni nzuri mno: mlima umesimama majini moja kwa moja, na kwenye majabali kuna samaki wadogo wa bluu na njano, jamii ambayo wengi wake hawapatikani popote nje ya ziwa hili. Ila hesabu maboya kabla ya kulipa, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na uondoke saa moja asubuhi ili uwe umerudi kabla ya saa sita, upepo wa mchana haujaamka.